Breki za Nyuma: Mawe Kwanza, Jeki Baadaye

Mwenye gari dogo la abiria au la mizigo katika sehemu kama Nkowe, wilayani Ruangwa, aghalabu hana gereji ya jirani. Magunia ya korosho yanasubiri kupakiwa, na breki za nyuma zimeanza kukwaruza. Kubadilisha viatu vya breki ni kazi iwezayo kufanyika uani, lakini ina mitego miwili isahaulikayo upesi.

Mtego wa kwanza ni gari lenyewe. Toyota HiAce nyingi husukumwa na magurudumu ya nyuma, na hendibreki hushika magurudumu hayo hayo. Ukiinua nyuma kwa jeki na kulegeza hendibreki ili dramu itoke, gia haishiki kitu, wala hendibreki haishiki kitu. Kinacholizuia gari ni mawe uliyoyatia mbele na nyuma ya magurudumu ya mbele, basi. Gari likishainuka, liegemezwe juu ya stendi au magogo imara. Jeki ni ya kuinulia tu.

Dramu ikigoma, usiipige nyundo kwa hasira. Nyingi za Toyota zina matundu mawili yenye nyuzi za skrubu. Tia humo bolti mbili zinazolingana nayo, uzikaze kwa zamu, nayo itasogea.

Hapo ndipo ulipo mtego wa pili: lile vumbi jeusi. Wengi hulipuliza kwa mdomo, na watoto wamechutama kando wakitazama. Viatu vingi vya breki vya zamani vilitiwa asibesto, ambayo haitambulikani kwa macho, na Shirika la Afya Duniani limetamka kwamba asibesto ya aina zote husababisha saratani. Watoto waondolewe. Vumbi lilowanishwe kwa maji, lipanguswe kwa kitambaa, na kitambaa hicho kifungwe katika mfuko kikatupwe. Kisirudi ndani kufuliwa pamoja na nguo za watu.

Fungua upande mmoja kwanza. Springi ni nyingi, na ule upande usioguswa ndio kitabu chako. Hata hivyo viatu hubadilishwa pande zote mbili, la sivyo gari litavuta upande. Mtu yeyote asikanyage pedali wakati dramu iko nje, maana pistoni za silinda zitachomoka. Ukiona silinda inavuja, simamisha kazi umwite fundi: kiatu kipya kikilowa oili ya breki hakifai tena.

Dramu ikirudi, kaza kirekebishi mpaka viatu viiguse kidogo tu gurudumu likizungushwa. Kanyaga pedali mara kadhaa kabla ya kuondoka. Endesha polepole mahali tambarare, gari likiwa tupu. Kisha simama, usogeze kiganja karibu na rimu zote mbili. Ile iliyo moto kuliko mwenzake imekazwa kupita kiasi. Irudie kabla hujapakia gunia wala abiria.