Camaro Bila Busta

Fungua boneti ya Chevrolet Camaro ya mwaka 1969 iliyotoka kiwandani na breki zenye busta. Busta yenyewe hutaitafuta: ni kopo kubwa la bati, la mviringo, limekaa nyuma upande wa dereva, masta silinda imefungwa mbele yake, na mpira mnene unatoka ubavuni kwenda kwenye manifoldi ya injini. Huko Marekani, ambako Camaro za 1967 hadi 1969 zinatunzwa kwa mapenzi makubwa, wapo wengi wanaoling'oa kopo hilo na kulirudisha gari kwenye breki za mguu mtupu. Kazi ya spana si ndefu. Kinachostahili muda ni hesabu, na hapo ndipo watu wanapoumia. Wanadhani wanaondoa kifaa, kumbe wanaondoa nguvu, na nguvu hiyo lazima itoke mahali pengine.

Kwa nini mtu aitoe? Mara nyingi sababu ni injini yenyewe. Injini ya petroli inaponguruma gari limesimama, pistoni zinavuta hewa kupitia njia ambayo karibu imefungwa, kwa hiyo ndani ya manifoldi hubaki ombwe. Marekani hulipima kwa inchi za zebaki, na injini ya kawaida iliyo nzima hutoa inchi 17 hadi 21. Sasa mwenye gari anafunga kamshafti kali, ile inayoziacha valvu za kuingiza hewa na za kutoa moshi zikiwa wazi kwa pamoja muda mrefu zaidi. Injini ikizunguka kwa kasi, mpango huo unaiongezea nguvu. Ikizunguka polepole, moshi unarudi kwenye manifoldi, injini inatikisika, na ombwe linaporomoka hadi inchi 10, pengine 8.

Busta inaishi kwa ombwe hilo. Ndani yake kuna diaframu ya mpira inayoigawa vyumba viwili. Breki isipokanyagwa, vyumba vyote vina ombwe na hakuna kinachosukumwa. Ukikanyaga, valvu ndogo inaruhusu hewa ya nje iingie chumba cha nyuma, na hewa hiyo ndiyo inayoisukuma diaframu mbele pamoja na mguu wako. Albert Dewandre wa Ubelgiji aliitumia kanuni hii kwenye breki za magari tangu miaka ya 1920, na kimsingi haijabadilika.

Chukua busta ya kipenyo cha inchi 9. Eneo la diaframu yake, kwa hesabu ya juu juu, ni sentimita za mraba 410. Ombwe la inchi 20 linaipa hewa msukumo wa kilo 0.69 hivi kwa kila sentimita ya mraba, yaani kilo 280 kwa jumla. Ombwe likishuka hadi inchi 8, zinabaki kilo 113. Dereva anakanyaga, pedali inaanza laini, kisha inagoma ghafla kwa sababu msaada umemwishia njiani. Akikanyaga mara kadhaa mfululizo kwenye foleni, akiba iliyomo koponi inaisha kabla injini haijairudisha. Kwa kuwa inayofanya kazi ni hewa ya nje, hata mwinuko wa mahali una neno lake: Nairobi, iliyo kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, shinikizo la hewa ni pungufu kwa karibu asilimia 18 likilinganishwa na la Mombasa, na busta ileile husukuma kwa nguvu zaidi pwani kuliko huko juu.

Tuitoe basi. Kilichobaki ni mguu, na tuseme mguu wa mtu wa kawaida unakanyaga kwa nguvu ya kilo 30 bila kuteseka. Kati ya mguu huo na pedi za breki kuna sehemu mbili tunazoweza kuzichezea: pedali na pistoni ya masta silinda.

Pedali ni wenzo, sawasawa na mtarimbo wa kung'olea jiwe. Kadiri fimbo inayosukuma masta silinda inavyofungwa karibu na egemeo, ndivyo nguvu inavyozidishwa zaidi. Magari yenye busta hutumia uwiano wa karibu 4 kwa 1, na yasiyo na busta karibu 6 kwa 1. Na hapa kuna jambo ninalolipenda sana kwenye gari hili. Kiwanda kiliiuza Camaro kwa breki za aina zote mbili, kwa hiyo mkono wa pedali una matundu mawili, moja juu ya jingine, yakiwa yameachana kama inchi moja. La chini ni la busta. La juu, lililo karibu na egemeo, ni la mguu mtupu. Huhitaji kuchomelea wala kutoboa chochote. Unahamisha fimbo tundu moja tu, na kilo 30 zilizokuwa zikigeuka 120 zinageuka 180.

Kisha pistoni. Blaise Pascal alishaonyesha katika karne ya 17 kwamba shinikizo ndani ya kimiminika kilichofungiwa husambaa sawa kila upande, nalo ni nguvu kugawanywa kwa eneo. Pistoni ikiwa ndogo, shinikizo linakuwa kubwa. Masta silinda ya breki zenye busta mara nyingi ina kipenyo cha inchi 1 na moja ya nane, eneo la sentimita za mraba 6.41. Ya inchi 15/16 ina eneo la 4.45. Fundi aliyeng'oa busta akaacha pistoni kubwa na fimbo kwenye tundu la chini anapata kilo 120 kugawanya kwa 6.41, yaani kilo 18.7 kwa sentimita ya mraba. Aliyehamia tundu la juu na kufunga pistoni ya 15/16 anapata kilo 180 kugawanya kwa 4.45, yaani 40.4. Yule wa kwanza akitaka shinikizo la huyu wa pili, itambidi akanyage kwa kilo 65. Siku mtoto anapokatiza barabara ghafla, kilo 65 za mguu si kitu cha kutegemea, na gari la namna hiyo halifai kutoka uani.

Lakini hakuna nguvu ya bure. Pistoni kubwa ikisogea sentimita 1 inasukuma mafuta ya breki sentimita za ujazo 6.41. Ili pistoni ndogo isukume mafuta hayohayo, lazima isogee sentimita 1.44. Mguu, ambao kwa uwiano wa 4 ulishuka sentimita 4, kwa uwiano wa 6 utashuka sentimita 8.6. Gawanya 8.6 kwa 4, kisha gawanya 40.4 kwa 18.7. Majibu ni yaleyale, karibu 2.2. Ulichoongeza kwenye shinikizo umekilipa chote kwa mwendo wa pedali. Ndiyo maana kupunguza kipenyo kuna mwisho: ukishuka hadi inchi 7/8 unapata shinikizo zaidi, ila pedali inaweza kukaribia sakafu kabla pedi hazijabana sawasawa, hasa ikiwa upepo haukutolewa vizuri kwenye mabomba au breki za dramu za nyuma zimelegea.

Aina ya breki nayo inaamua. Katika dramu, kiatu kimojawapo huvutwa na mzunguko wa gurudumu na kujikaza chenyewe, hivyo mguu unapata msaidizi. Diski haina msaada huo, inadai shinikizo kubwa, na hii ni sababu mojawapo ya busta kuenea sana diski zilipoingia. Camaro yenye dramu pande zote inavumilia makosa ya hesabu. Yenye diski mbele haivumilii.

Kuna kitu kidogo kinachoweza kuua. Masta silinda ya mguu mtupu ina shimo refu nyuma ya pistoni, ambamo fimbo ya pedali inazama na kushikiliwa. Ile ya busta mara nyingi ina kibonyeo kifupi tu, kwa sababu fimbo ya busta haina pa kukimbilia. Ukiifunga masta silinda yenye kibonyeo kifupi moja kwa moja kwenye ukuta wa bati ulio nyuma ya injini, pedali ikirudi kwa nguvu fimbo inaweza kuchomoka, na ukikanyaga tena hakuna kinachosukumwa. Kabla ya kununua, ingiza kidole nyuma ya pistoni. Na iwe ya vyumba viwili, kama zilivyokuwa za Camaro tangu 1967, ili bomba moja likipasuka magurudumu mawili yabaki na breki.

Urefu wa fimbo unarekebishwa kwa uangalifu uleule. Pedali ikiwa imepumzika, acha nafasi ya milimita 1.5 hivi kati ya fimbo na pistoni. Bila nafasi hiyo pistoni hairudi mpaka mwisho, njia ndogo ya kurudishia mafuta kwenye hifadhi yake inabaki imezibwa, na breki zinabana zenyewe kadiri mafuta yanavyopata joto. Tundu la mpira kwenye manifoldi nalo lizibwe kabisa, la sivyo injini itavuta hewa ya wizi.

Halafu inua magurudumu, kanyaga, achia, na uyazungushe kwa mkono: yote yawe huru. Mwisho rekebisha swichi ya taa za breki, kwa sababu pedali iliyohamishiwa tundu jipya inaweza isipumzike pale ilipokuwa, na swichi isiyoguswa itakuachia taa zinazowaka mchana kutwa au zisizowaka kabisa.