Jinsi leza inavyofichua sumu iliyofichika ndani ya moshi wa taka

Anayechoma nyaya za umeme ili apate shaba iliyo ndani yake huona moshi mweusi ukipaa. Mjini Gisenyi, moshi wa namna hiyo ukishapeperukia Ziwa Kivu, ni rahisi kudhani kwamba madhara yameondoka nao. Sivyo. Plastiki inayofunika nyaya nyingi ina klorini, na ikiungua kwa moto usiokolea huweza kuzalisha dioksini, mojawapo ya sumu kali zaidi zinazojulikana.

Kwa viwango vinavyopatikana hewani, dioksini haionekani wala hainusiki. Huanguka juu ya nyasi na maji, hujikusanya katika mafuta ya ng'ombe na samaki, kisha humfikia binadamu mezani. Shirika la Afya Duniani, WHO, linasema zaidi ya asilimia 90 ya dioksini inayoingia mwilini hutokana na chakula, hasa nyama, maziwa na samaki. Huweza kusababisha saratani, kudhoofisha kinga ya mwili na kuathiri uzazi. Nusu yake huchukua miaka 7 hadi 11 kutoka mwilini.

Je, kitu kidogo kiasi hicho hupimwaje?

Kwa kawaida sampuli husafishwa na kuchambuliwa maabara kwa siku kadhaa. Njia ya haraka zaidi huunganisha leza na spektrometa ya tungamo, yaani kifaa kinachotenganisha chembe kwa uzito wake.

Kila aina ya molekuli hufyonza miale ya urujuanimno kwa namna yake. Leza ikirekebishwa ilingane na molekuli inayotafutwa, molekuli hiyo hufyonza nishati hadi ikapoteza elektroni moja na kubaki na chaji ya umeme. Naitrojeni na oksijeni, zilizojaa hewani, haziguswi. Zenye chaji huvutwa kwa umeme ndani ya bomba lisilo na hewa. Ni kama baiskeli tupu na baiskeli yenye gunia la viazi zikisukumwa kwa nguvu sawa: nyepesi hutangulia. Muda wa kufika hudhihirisha uzito, na uzito husaidia kuitambua sumu.

Hata hivyo, dioksini zenye klorini nyingi ni ngumu kunaswa kwa leza. Ndiyo maana katika miaka ya 1990 watafiti wa Ujerumani walipima klorobenzini katika moshi wa mitambo ya kuteketeza taka. Kemikali hiyo ni nyingi zaidi, na kiwango chake hutumika kukadiria kile cha dioksini papo hapo.

Mitambo hiyo ni ghali, lakini kuizuia sumu isizaliwe hakuhitaji leza. Nyaya huweza kuchunwa kwa kisu badala ya kuchomwa, na Rwanda ina kiwanda cha kuchakata taka za kielektroniki wilayani Bugesera. Sumu ambayo haikuzalishwa haihitaji kutafutwa katika samaki wala katika maziwa ya mtoto.