Mcheza Kwao, Hata Akiwa Mbali

Wahenga walinena kwamba mcheza kwao hutunzwa. Lakini siku hizi kijana aliyezaliwa Liuli huenda anafanya kazi Dar es Salaam, dada yake yuko Songea, na binamu yao amevuka bahari kwenda masomoni. Je, watu hao watacheza wapi, na watatunzwa na nani? Leo tunapenda kulizungumza jambo hili na wananchi wa Mbinga na wa mwambao wa Ziwa Nyasa.

Hakuna haja ya kuwaeleza wenyeji mganda ni nini. Ni ngoma iliyojengwa juu ya gwaride la askari wa zama za Vita Kuu ya 1914 hadi 1918. Wanaume hupanga safu, wakiwa wamevaa sare safi, huku ngoma kubwa ikirindima na vibuyu vyenye utando wa buibui vikilia mithili ya tarumbeta. Akina mama nao wana kioda yao. Uzuri wa ngoma hizi haumo katika mbwembwe za mtu mmoja, bali katika miguu mingi inayokanyaga kama mguu mmoja.

Mwezi Desemba 1962, alipolihutubia Bunge akiwa Rais wa kwanza wa Jamhuri ya Tanganyika, Mwalimu Nyerere alisikitika kuona wasomi wakizijua dansi za kigeni ilhali ngoma za kwao hawazijui. Ndipo akaunda Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana. Zaidi ya miaka 60 imepita, na hatari imebadili sura. Kijana wa leo haionei haya ngoma ya kwao. Hayupo tu kiwanjani inapochezwa. Na wazee wanaozijua hatua zake hawatatungoja milele.

Je, simu iliyo mfukoni mwa kijana huyo haiwezi kumfikisha kiwanjani? Mwaka 2020, ugonjwa wa Korona ulipozuia mikusanyiko, Wamarekani wapenzi wa kontra walijaribu jambo hilo. Kontra ni ngoma ya safu mbili zinazotazamana, na kiongozi hutangaza kila hatua kabla haijachezwa. Walikutana kwa njia ya video, kila mtu akicheza sebuleni kwake. Asiye na mwenzi alicheza na kiti. Jambo hilo linachekesha, lakini lina mafunzo.

Funzo la kwanza ni kwamba sauti ipitayo katika mtandao huchelewa kwa sehemu ya sekunde. Ucheleweshaji huo hauwadhuru wanaozungumza, lakini huivunja ngoma. Mpigaji wa Mbamba Bay na mpigaji wa Dar es Salaam hawawezi kupiga pamoja; kila mmoja atamngoja mwenzake, na mdundo utazidi kuzorota. Kwa hiyo ngoma ipigwe mahali pamoja tu, na waitikiaji wawe papo hapo pamoja na wapigaji. Walio mbali wazime vipaza sauti vyao, waimbe kwa nguvu zao zote katika nyumba zao.

La pili, kiongozi asiihangaikie picha. Atawaona wa mbali kama waliopitwa na mdundo, kumbe kila mmoja wao anakanyaga sawasawa na ngoma anayoisikia. Akijaribu kuwangoja, atawapoteza wote. Na atangaze hatua mapema, kwa maneno machache.

La tatu, simu iegemezwe mbali kidogo ili miguu ionekane, maana mzee hawezi kusahihisha hatua kwa kutazama uso.

La nne, na hili ndilo linaloleta furaha, watu wapewe nafasi ya kuwa watu. Kabla ya ngoma pawe na wakati wa salamu na kuulizana habari za nyumbani. Kati ya ngoma na ngoma vipaza sauti vifunguliwe, watu wacheke na kutaniana, na wazee watoe sifa na lawama zao. Mkutano uliojaa hatua tupu ni mazoezi ya viungo, si ngoma.

Kwa maoni yetu, mganda waweza kufanikiwa kwa njia hii kuliko kontra. Kontra hudai kushikana mikono na kubadilishana wenzi. Safu ya mganda hudai sare, sikio na nidhamu, na vyote hivyo mtu aweza kuwa navyo chumbani peke yake.

Tunatoa wito kwa vikundi vya ngoma, na kwa wenyeji waishio mijini, wajaribu jambo hili walau mara moja kwa mwezi. Gharama za intaneti zibebwe na walioko mijini wenye mishahara, wala wasitwishwe wazee wa kijijini. Huko ndiko kutunza kwenyewe.

Hata hivyo, tusijidanganye. Picha haina vumbi wala jasho, wala haina upepo wa ziwa. Video ni daraja, na daraja si mahali pa kujenga nyumba. Kijana aliyejifunza hatua kwa simu na afunge safari likizo inapofika, aingie katika safu, akanyage ardhi ya kwao pamoja na wenzake. Hapo wazee watajua kwamba hawakufundisha bure.