MKANDA MPYA, PULI KUUKUU

Kila msafiri atokaye Goma kwenda Masisi aijua Sake, yapata kilomita 25 upande wa magharibi. Hapo Ziwa Kivu laachwa nyuma, na kupanda kwaanza. Barabara yazunguka vilima, yapita Mushaki penye malisho ya ng'ombe, yafika Masisi, kisha yaelekea Nyabiondo na kuteremka hata msitu mkubwa wa Walikale. Vilima vya Masisi vyapita meta 2,000 juu ya usawa wa bahari. Mji wa Walikale uko chini ya meta 1,000. Basi gari lishikalo njia hiyo hupanda na kushuka kama mtu akweaye ngazi, mara nyingi kwa gia ya kwanza, leo katika tope, kesho katika vumbi.

Njia hii imepitiwa na vita pia. Mwezi wa Januari 2025 mapigano yaliufikia mji wa Masisi, na mwezi wa Machi mwaka ule ule yakafika Walikale. Tutakayoyasimulia yalitokea kabla ya hayo. Lakini funzo lake halijazeeka, kwani mahali penye taabu gari moja zima ni msaada wa watu wengi.

Safari ya Nyabiondo

Tulikuwa watu wanne katika gari kuukuu la parokia, tukitoka kupeleka vitabu vya shule. Tulipokuwa tukirudi, tuliombwa Nyabiondo kumchukua mama mmoja mja mzito ambaye uchungu ulikuwa umemshika tangu usiku, tumfikishe hospitali ya Masisi. Mama mkwe wake aliketi pembeni yake akishika rozari.

Hatukwenda mbali. Katika mlima mmoja tulisikia mlio mkali mbele, kama wa nguruwe aliyekanyagwa. Taa nyekundu ya betri ikawaka, mshale wa joto ukapanda, na mvuke ukatoka chini ya boneti. Dereva alizima injini upesi. Mkanda wa feni ulikuwa umekatika. Nao ulikuwa mkanda wa tatu katika mwaka ule.

Hatukuwa na mwingine. Vijana wa kijiji kilicho karibu waliitwa, wakatengeneza kipoyi kwa miti miwili na blanketi, wakambeba mama yule mabegani kwa zamu, saa nyingi, hata wakamfikisha. Alijifungua jioni ile, naye mtoto alikuwa hai. Tulimshukuru Mungu na vijana wale, lakini moyoni tuliona haya. Kwa maana mara mbili dereva alikuwa ametuambia, "Mwalimu, tumwite fundi aitazame injini yote," nasi tukamjibu ya kuwa pesa ni chache, mkanda mwingine utatosha.

Kidole cha mzee fundi

Kesho yake gari lilivutwa hata Masisi. Tukamkuta mzee mmoja fundi, mtu wa maneno machache. Tulimpa mkanda mpya tuliokwisha kuununua, tukamwomba autie haraka. Hakuupokea. Alinawa mkono, akaingiza kidole katika mfuo wa puli ya chini, akakipitisha polepole. Kisha akasema:

"Mwalimu, njoo ushike na wewe."

Tuliingiza kidole. Kuta za mfuo, ambazo zapasa kuwa nyofu, zilikuwa zimelika na kuwa na shimo kama kijiko. Na sakafu ya mfuo iling'aa kama kioo.

"Mikanda yenu haikuwa na kosa," akasema mzee. "Mwamlaumu kuku aliyeliwa, na kicheche mmemwacha bandani."

Kwa nini puli hula mkanda

Yafaa sasa tueleze jambo hili, hasa kwa ajili ya wanafunzi. Injini iungurumapo huzungusha mhimili wake mkuu. Mbele ya mhimili huo imefungwa puli, yaani gurudumu dogo la chuma lenye mfuo. Mkanda wa mpira hutoka katika puli hiyo, ukazunguka puli ya feni na ya pampu ya maji, na ile ya mtambo ufuao umeme kwa ajili ya betri. Mkanda ukilegea au ukikatika, maji hayazunguki, upepo haupigi, na betri haipati chakula.

Katika mlima hatari huzidi. Gari huenda polepole, kwa hiyo upepo wa njiani hautoshi kuyapoza maji ya rejeta, na injini yafanya kazi kubwa kuliko yote. Dereva akiendelea kwa ukaidi, kichwa cha injini huweza kupinda kwa joto, na hapo gharama si ya mkanda tena.

Magari ya kwanza yalitumia mikanda ya ngozi iliyo bapa, nayo iliteleza sana. Mwaka 1917, katika mji wa Denver huko Marekani, John Gates alitengeneza mkanda wa mpira wenye umbo la herufi V. Uzuri wake ni huu: mkanda huo haushiki kwa tumbo, hushika kwa mbavu. Kadiri unavyovutwa, ndivyo unavyojibana katika kuta mbili za mfuo, kama kabari katika ufa wa gogo. Lakini kuta zikilika, mkanda huzama hata sakafuni; mbavu hazibani tena, nao huteleza, hupata moto, hukauka na kupasuka. Ndiyo sababu sakafu ya mfuo iking'aa, fundi hujua mara moja ya kuwa puli imekwisha. Katika puli nzuri mgongo wa mkanda hulingana na ukingo wa puli.

Kwetu vumbi huzidisha ubaya. Karibu na Sake barabara yapita juu ya mawe ya moto ya mlima Nyamulagira, yaliyotiririka hata ziwani katika miaka ya 1938 hadi 1940. Mchanga wa mawe hayo ukiingia kati ya mkanda na chuma, husaga kama msasa.

Jinsi ya kuibadili

Mzee alifanya kazi yake kwa utaratibu, nasi tuliutunza moyoni. Kwanza aliacha injini ipoe kabisa. Hakufungua kifuniko cha rejeta penye joto, kwani maji yale huruka na kumwunguza mtu uso. Alifungua waya wa betri ulio wa upande wa kutoa. Kisha akalegeza mtambo wa umeme, akautoa mkanda. Puli zote alizizungusha kwa mkono, akizitikisa na kuzisikiliza. Puli yenye mlio wa kukwaruza au ichezayo huku na huku, beringi yake imechoka.

Ndipo akafungua bolti kuu ya puli ya chini. Mmoja wetu alitaka kuipiga puli nyundo itoke upesi. Mzee alimzuia, akasema chuma hicho hupasuka kando, na mhimili huweza kuumia. Akatumia chombo cha kuvutia, chenye makucha na skrubu katikati, nayo ikatoka taratibu. Kipande kidogo cha chuma kinachoishika puli isizunguke peke yake juu ya mhimili alikiweka katika kikombe kisipotee.

Puli nyingine ililetwa kutoka Goma siku ya tatu. Mzee aliilinganisha na ile kuukuu: upana, kimo, na mfuo. Aliifunga, akaikaza bolti kwa nguvu iliyoagizwa na watengenezaji, akaweka rula ndefu kuona kama puli zote zimesimama katika mstari mmoja; kwa maana puli iliyokaa upande hula mkanda hata ikiwa mpya. Mwisho akauvika mkanda bila kuulazimisha kwa bisibisi, akaukaza. Akaubonyeza kwa dole gumba katikati ya puli mbili, ukashuka yapata sentimeta moja tu. Baada ya siku chache alituita tena aukaze, kwani mkanda mpya hulegea kidogo.

Tuitazame puli

Wazee walisema, "Kikulacho ki nguoni mwako." Tulinunua mikanda mitatu ili tusinunue puli moja, na malipo ya choyo hicho tuliyaweka juu ya mama mwenye uchungu na mabega ya vijana wasio na kosa.

Naye Bwana wetu alitufundisha juu ya kiraka kipya katika vazi kuukuu. Je, si ndivyo tufanyavyo nyumbani? Baba agombana na mkewe kwa sababu ya pombe. Kesho amnunulia kitenge, amani yarudi, na chupa yabaki chini ya kitanda. Sisi nasi twaingia katika kitubio kila mwezi na dhambi ile ile, twatoka na mkanda mpya, wala hatukiingizi kidole katika mfuo kuona ni nini kinachotula.

Basi, wapenzi wasomaji, kitu kikiharibika mara ya kwanza, tukitengeneze. Kikiharibika mara ya pili pale pale, tusimame, tutafute kilicho chini yake. Na yeye atuambiaye, "Tumwite fundi aitazame injini yote," tumsikilize angali mapema, kabla ya mlima.