Sirinji Mbili na Breki ya Matatu

Ingia kemisti yoyote mjini Thika, ununue sirinji mbili za mililita 20 na kipande kifupi cha mpira wa dripu. Sindano huzihitaji. Vuta pistoni ya sirinji ya kwanza mpaka ijae hewa, ya pili iache imezama hadi chini, kisha unganisha midomo yao kwa mpira. Isimamishe ile ya pili wima, mtu aishikilie, na juu ya pistoni yake weka pakiti ya sukari ya nusu kilo. Sasa sukuma.

Pistoni yako inaingia, sukari imetulia tuli. Inaanza kupanda baada ya mililita 3 na zaidi, tena kwa kurukaruka, maana raba ya pistoni hunata kwenye plastiki, hewa ikajibana nyuma yake mpaka ikaishinda ghafla. Jaza maji badala ya hewa, urudie. Kidole kikisogea, sukari inasogea.

Chembe za hewa zimeachana mbali, kwa hiyo ukiisukuma zinasogeleana kwanza kabla ya kusukuma kitu kingine. Robert Boyle alilichapisha jambo hilo mwaka 1662: joto lisipobadilika, shinikizo likiongezeka mara mbili, hewa hunywea ikabaki nusu. Pistoni ya sirinji yetu ina eneo la sentimita za mraba 3 hivi, basi nusu kilo ya sukari inadai kilopaskali 16 za ziada. Thika iko kama mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na shinikizo la hewa hapa ni kilopaskali 84 hivi. Kutoka 84 hadi 100, mililita 20 za hewa hunywea zikawa 16.8. Zile 3.2 ndizo ulizosukuma huku sukari ikikutazama. Mombasa, ambako hewa imeshindiliwa zaidi, zingekuwa 2.7. Nayo maji, kwa mzigo huohuo, hayapungui hata sehemu ya elfu moja ya mililita moja. Mpira wa dripu wenyewe hutanuka zaidi ya hapo.

Gereji za Ruiru huishi kwa tofauti hiyo. Breki za matatu ya abiria 14 hutumia mafuta, ambayo hayabaniki kirahisi, sawa na maji. Dereva anapolalamika kwamba pedali imekuwa laini na inazama, fundi hujilaza chini ya gari na spana, msaidizi akakaa kwenye usukani. "Pampu! Pampu! Shikilia!" Fundi analegeza skrubu ndogo kwenye gurudumu, na kwenye mpira angavu ulioingizwa ndani ya chupa yanapita mapovu, moja, mawili, kisha mafuta matupu. Anakaza. Wanarudia hadi pedali iwe ngumu.

Usilidharau povu. Breki ikikanyagwa kwa nguvu, shinikizo ndani ya mabomba hufika makumi ya mara ya lile la hewa tunayovuta, kwa hiyo povu hunywea karibu lote, na nafasi linayoiacha hulipwa na mguu wa dereva. Povu laweza pia kuzaliwa humo humo. Mafuta ya breki hunyonya unyevu kadiri yanavyokaa. Yale ya daraja la DOT 3 huchemka kwenye nyuzi za Selsiasi zisizopungua 205 yakiwa mapya, lakini yakishanyonya unyevu kiwango hicho chaweza kushuka hadi 140. Breki ikipata moto sana mafuta yakachemka, mvuke unakuwa hewa ya sirinji yetu. Ndiyo maana mimi nasisitiza yabadilishwe kwa wakati hata kama chombo chake kimejaa.

Lakini sikia lile "tssss" la lori la mawe ya Ndarugo likisimama kwenye barabara ya Thika. Hilo linafunga breki kwa hewa. Kunywea kulikokupotezea mililita 3 ndiko kunakoiwezesha hewa kuwekwa akiba: kompresa huishindilia kwenye matangi hadi shinikizo kama mara 8 ya lile la kawaida, na dereva huchota anapokanyaga. Ikivuja kidogo, kompresa hujaza. Ikiisha, springi nzito zilizokuwa zimezuiwa na hewa hiyo huachiliwa, zikafunga magurudumu ya nyuma. Kwa sababu hiyo dereva huwasha injini asubuhi na kungoja mshale wa geji upande kwanza. Malori mengine ya ukubwa wa kati hutumia njia zote mbili: hewa kutoka tangini husukuma pistoni, na pistoni hiyo husukuma mafuta hadi kwenye magurudumu.