Ua Linalonukia Usiku na Nondo Aliyesubiriwa Miaka 41

Kuna okidi moja ya Madagaska ambayo mchana haina habari na mtu. Ua lake ni jeupe, lina umbo la nyota, na ukilinusa saa sita mchana utasema wanaolisifia wanatia chumvi. Subiri giza liingie. Hapo harufu inamwagika, tamu na nzito, kwa sababu mgeni anayengojwa hutembea usiku tu.

Jina lake la kitaalamu ni Angraecum sesquipedale. Neno la pili ni la Kilatini, maana yake futi moja na nusu, na linatokana na mrija mwembamba unaoning'inia nyuma ya ua. Mrija huo hufika karibu sentimita 30, yaani rula nzima ya darasani, na mbochi umejikusanya chini kabisa. Sasa nani ataufikia?

Swali hilo lilimsumbua Charles Darwin alipoletewa maua hayo Uingereza mwaka 1862. Alipima, akajaribu kuingiza vijiti mrijani, kisha akaandika kwamba lazima Madagaska kuna nondo mwenye ulimi wa urefu huohuo. Ulimi ukiwa mfupi, mbochi haufikiki. Ukiwa unatosha kwa shida, nondo analazimika kukisukuma kichwa ndani ya ua, na hapo vifurushi vya chavua vinamganda. Akienda ua la pili, anavikabidhi. Baadhi ya watu walimcheka. Mwaka 1867 Alfred Russel Wallace alimtetea, akasema wanaosafiri Madagaska wamtafute nondo huyo bila wasiwasi. Darwin alifariki 1882 bila kumwona. Mwaka 1903 nondo akatangazwa, akapewa jina praedicta, yaani aliyetabiriwa. Na hata hapo, kumshuhudia akinywa kwenye ua lenyewe kulingoja hadi miaka ya 1990!

Sasa kuna jambo linaloniudhi. Kwa kuwa okidi hii huota juu ya mti, wengi wetu tunaiita kimelea. Jamani, si kimelea. Haichomi gome wala hainyonyi utomvu. Mizizi yake minene imevikwa tabaka kama sponji, linalofyonza maji ya mvua na ukungu haraka kabla hayajateleza. Mti unaipa kiti tu. Chakula inapika yenyewe kwa majani yake. Muhula uliopita, kwenye kampasi moja ninayoifahamu, okidi za kwenye miembe zilikwanguliwa zote kwa panga, ati zinamaliza miti. Miembe haikuwa na shida yoyote.

Nasi wa Pwani tunaye ndugu wa ua hilo. Ni Angraecum eburneum, ile nususpishi iliyopewa jina la Wagiriama, giryamae. Huota Kenya na Tanzania, kwenye miti na hata juu ya miamba ya matumbawe. Mrija wake ni mfupi zaidi, lakini tabia ni ileile: maua ya rangi hafifu, harufu ya usiku. Gizani wekundu na ubuluu vina faida gani?

Ugumu mwingine uko kwenye mbegu. Ni ndogo kama vumbi, upepo unazibeba, ila hazina akiba ya chakula. Mbegu ikitua, haimei mpaka ikutane na kuvu anayeifaa wa kuilisha. Kwa hiyo okidi moja inahitaji mti, nondo na kuvu, wote mahali pamoja. Ukiibandua msituni ukaitundika barazani, inaweza kuchanua miaka mingi na kunukia kila usiku, lakini bila nondo wake haipati tunda.

Okidi zote zimo kwenye orodha za mkataba wa CITES, kwa hiyo kuivusha mpakani bila kibali ni kosa. Ndani ya nchi, ukiona inauzwa kando ya barabara, tazama mizizi. Ikiwa bado imekumbatia vipande vya gome bichi, muulize muuzaji ameitoa mti gani.