Gitaa la pedali: Nyuzi zikishuka, dawa ni chuma au sikio?

Sisi watu wa Pwani twaijua Meru kwa miraa, na Embu kwa muguka, ule uliozusha mvutano mkubwa mwaka 2024 serikali za kaunti za Mombasa na Kilifi zilipoupiga marufuku. Lakini huko milimani kuna kitu kingine kipendwacho ambacho hakipakiwi garini kuletwa kwetu, nacho ni muziki wa kantri wa Kimarekani. Kuanzia Embu, upite Runyenjes na Chuka hadi ufike Meru mjini, si ajabu kumsikia Don Williams au Kenny Rogers ndani ya matatu, na abiria akamfuatisha neno kwa neno. Hata wale wapigaji wa mugithi, neno ambalo kwa Kikuyu maana yake ni garimoshi, mtu mmoja na gitaa lake, huchanganya nyimbo hizo na za kwao, na wasikilizaji wakaridhika.

Ndani ya nyimbo za kantri mna mlio mmoja unaopanda na kushuka bila kukatika, kama mtu aombolezaye. Wengi hudhani ni fidla. Siyo. Ni gitaa lililolazwa juu ya miguu minne kama meza, aghalabu lenye nyuzi 10. Mpigaji hukaa kitako, mkono wa kushoto akatelezesha kipande cha chuma juu ya nyuzi, wa kulia akakwanyua, huku nyayo zikikanyaga pedali na magoti yakisukuma nyenzo zilizo chini yake. Kila pedali ina vyuma vyembamba vinavyovuta uzi huu au ule ukapanda sauti papo hapo. Mlio huo ulianza kuwashika watu mwaka 1954, Bud Isaacs alipoupiga katika wimbo wa Webb Pierce uitwao Slowly. Wampendao Jim Reeves, aliyefariki katika ajali ya ndege mwaka 1964, wasiutafute sana katika nyimbo zake za mwisho. Humo piano na fidla ndizo zilizotawala. Barani Afrika aliyelipatia gitaa hili heshima ni Mnigeria Demola Adepoju, katika bendi ya King Sunny Adé, na ushahidi ni santuri ya Juju Music ya mwaka 1982.

Basi kijana wa Meru au Embu aliyeshikwa na mlio huo, akaanza kudunduliza fedha ili aagize gitaa kama hilo ng'ambo, atakutana na swali ambalo wapigaji wa Marekani wamelibishania miaka mingi: je, aongeze fedha apate lile lenye mtambo wa kuzuia nyuzi kushuka?

Ugonjwa wenyewe ni huu. Nyuzi 10 zikiwa zimekazwa, kwa jumla hulivuta gitaa kwa nguvu ipitayo uzito wa kilo 100. Ukikanyaga pedali ukaongeza mvuto, mwili wa gitaa hujikunja kidogo, kiasi kisichoonekana kwa jicho. Ukijikunja, zile nyuzi ambazo hukuzigusa hulegea, na sauti yao hushuka. Wataalamu huigawa nusu-sauti moja katika sehemu 100 ziitwazo senti. Gitaa zuri hushuka senti mbili tatu. Gitaa bovu laweza kufika 10, na hapo hata asiyekuwa mwanamuziki atakunja uso.

Mtambo wa kuzuia si muujiza. Mara nyingi ni chuma kimoja cha ziada kilichofungwa kwenye pedali ileile, kikaunganishwa na uzi unaoshuka. Pedali ikikanyagwa, uzi huo nao huvutwa kidogo tu, kiasi cha kufidia ulichopoteza. Watengenezaji wengine hupita njia tofauti, wakauimarisha mwili wenyewe usijikunje.

Kwa maoni yangu, mwenye gitaa zuri fedha hizo azitie kwingine. Sauti za pedali zina skurubu zake za kurekebishia, na mpigaji huzirekebisha pedali ikiwa imekanyagwa, yaani mwili ukiwa umekwisha kujikunja. Kwa hivyo aweza kuzilinganisha na ule uzi ulioshuka, zikapatana zenyewe kwa zenyewe. Kinachobaki ni kwamba mkusanyiko mzima wa sauti uko chini kidogo, na hapo kile kipande cha chuma mkononi ndicho dawa. Katika gitaa lenye nyuzi za urefu wa sentimita 61, karibu na alama ya tatu, senti tatu ni mwendo usiofika milimita moja. Mkono wa fundi wa ala hii huusogea mwendo huo kwa kufuata sikio, bila hata kufikiri. Tena wengi wa wapigaji hawa hushusha kwa makusudi baadhi ya sauti kwa senti zipatazo 14 ili zipatane kwa utamu, jambo ambalo mpiga udi wa Mombasa hahitaji kufundishwa, maana udi hauna vigawanyo na sauti yake i kidoleni.

Hata hivyo wanaoutetea mtambo hawasemi upuuzi. Uzi unaopigwa wazi, bila chuma juu yake, hauna wa kuutengeneza. Na pedali mbili zikikanyagwa pamoja hushusha zaidi kuliko moja, kwa hivyo ukirekebisha kwa mbili, ile moja peke yake itakosea kidogo. Kisha huko Embu na Meru mpigaji wa leo aghalabu husindikizwa na kinanda cha umeme au muziki uliorekodiwa, navyo sauti zao hazisogei kumfuata mtu. Kwa wapiga fidla huwezekana kupatana. Mashine haipatani na yeyote. Katika studio, ambako kila kosa husikika mara mia, chuma hicho kimoja chaweza kumwokolea mpigaji saa nzima.

Lakini kila chuma kinachoongezwa huifanya pedali kuwa nzito zaidi, na ni kitu kimoja zaidi cha kukorofika mbali na aliyekiunda. Watu wa taarabu wameyazoea mambo haya: daraja la kanuni limekalia ngozi, ngozi hulegea kwa unyevu wa bahari, na mpigaji huketi kabla ya shughuli akakaza nyuzi zake sabini na kitu bila kulalamika.

Uzuri ni kwamba gitaa likiwa na nafasi ya kufungia chuma kingine, fundi mzuri wa karakana aweza kukichonga baadaye. Hakuna haja ya kukinunua siku ya kwanza. Linalohitajika siku hiyo ni kipimo cha sauti, ambacho sasa kimo hata katika simu. Upige uzi wa E bila pedali, usome. Kisha ukanyage pedali mbili za kwanza pamoja, upige uzi uleule, usome tena. Tofauti ikiwa chini ya senti tano, lilipie. Ikifika 10, mwuzaji akaanza kukusifia mtambo wa kuzuia, mwachie gitaa lake.